Nyumba Arobaini na Karatasi ya Majibu

Wanaonijua watashangaa kuniona na kalamu, maana mimi ni mtu wa nyundo. Lakini nimechoka kusikia watu wa kwetu wakinisifu kwa kazi niliyoifanya Mafundoni. Wanasema Fundi Hamdani alisimamisha nyumba arobaini kwa saa moja katika nchi ya watu, na kwa hilo hawasemi uongo. Naandika ili wajue yaliyobaki. Njia ya kwenda huko sitaieleza. Nilikwenda, nikafika.

Kwanza nieleze kwetu. Sandukuni kila kitu cha nyumba huja ndani ya sanduku. Ukilifungua linafanya kazi yake kimya: sanduku la mlango linatoa mlango, linautia mahali pake, basi. Sheria yetu ya kwanza, ambayo mtoto huijua kabla hajajua jina la babu yake, ni kwamba sanduku halimsemeshi mtu. Juu ya ukimya huo tumejenga ufundi wetu wote. Tunasimika nyumba moja kwa mkono, tunaiita mama. Mama akishasimama, fundi anapiga kengele yake, na viwanja vyote vya karibu vinaamka. Kila kiwanja huuliza, "Mimi nani?" Mama hukipa jina na orodha ya masanduku, na nyumba inajisimika yenyewe mpaka kitasa cha mwisho. Ziwe nyumba kumi au elfu, kazi ni ile ile. Fundi anakaa kivulini anakunywa uji.

Ndiyo sababu mwanamke aitwaye Sikudhani alinifuata. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu kutoka Bondeni, kitongoji cha familia arobaini kilicho chini ya kilima cha Mwinuko, upande wa kusini wa Mafundoni. Ukingo wa mto wao ulikuwa umepasuka, na kila mtu alijua masika yajayo hautastahimili. Kilima kilikuwa pale pale, mkono ukinyooshwa unakigusa. Lakini sheria ya Mafundoni inasema hakuna atakayekanyaga Mwinuko, sembuse kulala, ila mkazi wa nyumba iliyosajiliwa, na mafundi wa nchi hiyo walikuwa na foleni ya miaka mitatu.

"Masika yamebakiza siku sitini, fundi," aliniambia kabla hata hajakaa. "Mama yangu hawezi kupanda ngazi tatu. Mwanangu ana miaka sita. Nimewaahidi watu wa Bondeni kwa jina lako."

"Umenijulia wapi?"

"Sikujui. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe nikuone uso."

Nilimwambia siku sitini ni nyingi. Nilimwambia nitamaliza kwa ishirini, nizitumie zilizobaki kulala. Kiburi cha fundi hakina dawa.

Mafundoni hawajui sanduku. Kila kitu hufungwa katika kitambaa, kitambaa hupigwa fundo, na kila fundo lina mwenyewe, mtu mmoja aliyeapa kulitunza mpaka afe. Wanakiita kifurushi. Ni watu waungwana, tena waungwana kupita kiasi; watakuamkia mara tatu kabla ya kukukatalia. Juu ya mlango wa kila ofisi wamechonga maneno "Kuuliza si ujinga", na nilipoyaona nilifurahi, nikadhani nimefika kwa ndugu zangu.

Vifurushi vyote vinapita kwa Msajili. Wakati ule alikuwa Bwana Vuai, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mwenye mazoea ya kufuta meza kwa kiganja kila anapotaka kusema jambo baya. Sitaficha kwamba nilianza naye kwa ujanja. Nilichukua masanduku yangu mia tatu na kumi, nikayavika vitambaa, nikapiga mafundo, nikampelekea. Alifungua moja. Akatega sikio, akangoja kwa muda mrefu.

"Kimekufa?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Msajili. Huo ni mlango."

"Mbona hakiniulizi kitu?"

"Kikuulize nini? Ni mlango."

Akafuta meza. "Fundi, kwetu kifurushi kikifunguliwa humuuliza mwenye nyumba. Mlango ufungukie ndani au nje? Upakwe rangi gani? Kifurushi kisichouliza kimemdharau mwenye nyumba. Hiki chako ni bubu. Kukivika kitambaa ni kumvika maiti kanzu."

Basi nikaanza upya, kwa heshima, kitu kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipoijua Mafundoni. Kwetu "mlango" ni ubao, bawaba, kitasa na ufunguo, vyote katika sanduku moja. Kwao neno mlango ni jina la uwazi ukutani tu. Ubao ni kifurushi kingine, bawaba kingine, na ufunguo una vifurushi viwili, kimoja cha kufungia na kimoja cha kufungulia, kwa sababu wenye mafundo yake walikosana zamani. Nilitumia siku kumi na mbili kuandika majina ya kwetu upande huu na majina yao upande ule. Sikudhani alikaa nami akinisomea. Alikuwa na jicho kali kuliko langu, na mara mbili alinizuia nisiweke dari mahali pa sakafu.

Kisha kila kifurushi lazima kitaje vifurushi kinavyovitegemea. Bawaba zinategemea misumari. Misumari inategemea nyundo. Nyundo inategemea mpini. Mpini unatoka katika nyumba ya seremala, na nyumba ya seremala haifunguki bila bawaba. Nilimpelekea Bwana Vuai mzunguko huo nikidhani nimemkamata.

"Sheria imeliona hilo," akasema bila wasiwasi. "Vitaingia vyote kwa pamoja, vikiwa vimefumba macho."

Baada ya hapo vifurushi vipya hukaa siku kumi katika sebule ya ghala, na mtu yeyote anayepita anaruhusiwa kuvilalamikia. Asipotokea wa kulalamika, vinaingia. Siku ya tisa alitokea mzee mmoja akalalamika kwamba fundo la dirisha langu limeelekea kushoto. Nikalifunga upya, siku kumi zikaanza tena.

Zilipobaki siku ishirini na tano, nilipata ruhusa ya kusimika nyumba mama juu ya Mwinuko. Nikaisimika, nikapiga kengele. Viwanja arobaini viliamka, vikauliza jina, vikapewa, misingi ikajichimba. Sikudhani alikuwa amesimama chini ya kizuizi cha waya, na watu wa Bondeni nyuma yake wakipiga vigelegele. Kisha kila nyumba ilifungua kifurushi chake cha kwanza, na vifurushi arobaini vikasema pamoja, kwa adabu kubwa, "Samahani, jina la mwenye nyumba?"

Hakukuwa na mwenye nyumba. Vikangoja. Msingi ulikuwa wazi, kifurushi kimekaa katikati yake kimefunguliwa nusu, kinangoja. Nikajibu mimi. Vikakataa, maana mimi si mkazi. Nikamwomba askari wa kizuizi awaachie watu wapande wajibu. Akasema wakazi hawaruhusiwi kupanda mpaka nyumba zisajiliwe. Na nyumba husajiliwa lini? Wakazi wakishajibu. Nikauliza basi nyumba nyingine za nchi hii zilijengwaje. Akaniambia mwenye nyumba huombewa kibali cha siku moja, kwa zamu, nyumba moja moja, na ndiyo foleni yenyewe ya miaka mitatu.

Nilihesabu. Kila nyumba ilikuwa na maswali mia tisa. Jumla, elfu thelathini na sita. Fundi wa kwetu hafundishwi afanye nini nyumba inapomuuliza kitu. Nilikaa juu ya tofali nikaona aibu mbele ya watu wale, na vile vifurushi vikirudia kila baada ya kitambo, "Samahani, jina la mwenye nyumba?"

Aliyenitoa hapo ni Sikudhani. "Wakitaka majibu, tuwape," alisema jioni ile. "Tuwaulize watu huku chini, tuandike, kila nyumba ipewe karatasi yake. Kifurushi kikiuliza, kisome."

Sikulala na wazo hilo, nililitekeleza. Kwa siku nne tulipita nyumba kwa nyumba Bondeni. Nilimjua kila mtu kwa mlango wake. Mama yake Sikudhani, Bi Kirembo, alikaa kitandani akanijibu maswali yote mia tisa, na mengine akaniuliza yeye.

"Mlango ufungukie ndani," alisema. "Wa nje utanipiga upepo ukija. Na kitasa kiwe chini, mjukuu wangu akifikie."

"Rangi, bibi?"

"Muulize mwenye nyumba." Alimwelekezea kidole Mashavu, mjukuu, aliyekuwa akila muwa mlangoni.

"Ya njano," Mashavu akasema. "Yote. Na choo."

Swali la mwisho la kila karatasi lilikuwa hili: "Wakazi wapo?" Majibu yake ni mawili, wapo au hawapo. Tulipolifikia kwenye karatasi ya nyumba ya kumi na saba, ambayo ilikuwa yake, Sikudhani aliinua kalamu.

"Lakini hatujahamia."

"Andika wapo," nikamwambia. "Ukiandika hawapo nyumba haisajiliwi. Mkipanda mtakuwepo."

"Si uongo?"

"Ni kweli iliyotangulia kidogo."

Nilifurahishwa na maneno yangu. Alikuwa bado ameshika kalamu, nikaichukua mkononi mwake nikaandika mwenyewe, na kwenye zile karatasi nyingine thelathini na tisa vile vile.

Bwana Vuai alizisoma karatasi zote. Alisema jambo kama hilo halijapata kutokea, kwa hiyo ni la Baraza la Maswali. Baraza lina wajumbe kumi na saba na linakaa mjini, safari ya saa tatu kutoka Mwinuko. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja.

Aliyeogopwa zaidi humo ni Maalim Silima, mtu mwembamba aliyekuwa akiongea huku amefumba macho. "Swali ni heshima," alisema siku ya kwanza. "Anayejibu kabla ya kuulizwa ni mmoja wa wawili, mchawi au mwongo. Na huyu fundi si mchawi, nimemtazama." Wajumbe wakacheka, na mimi nikacheka, maana mgeni hucheka.

"Maalim, hata barua huandikwa kabla ya kusomwa," alisema Bibi Rukia, mjumbe pekee aliyeonekana kutuonea huruma.

"Barua haijibu, Bibi. Barua husema tu."

Hoja hiyo ilichukua siku tatu. Kisha mtu akataka kujua kama kilichomo katika karatasi ni jibu au ni jawabu. Mimi sikuwahi kujua kuwa kuna tofauti, na mpaka leo sijaijua. Walikaa juu ya neno hilo siku mbili nzima, wazee wakaletwa, kamusi zikaletwa, na mwisho ikaamuliwa kwamba ni jibu likiwa ndani ya karatasi, na jawabu likishatamkwa. Sikudhani alikuwa amekaa kando yangu. Kila asubuhi alipata habari za mto kutoka kwa wachuuzi wa Bondeni.

Siku ya tisa aliomba kusema. "Waheshimiwa," alisema, "maji yamefika kwenye migomba yangu."

Mwenyekiti alimshukuru sana. Akamuuliza kama hilo ni swali.

"Si swali. Ni maji."

"Baraza hili hupokea maswali tu, dada yangu."

"Basi nauliza. Mama yangu na mwanangu watapandishwa lini?"

"Swali zuri sana," alisema Mwenyekiti, na wajumbe wakatikisa vichwa kulisifia. Likaandikwa katika orodha, likapewa namba.

Mvua ilianza siku nane kabla ya siku yake. Asubuhi ya kura tulisikilizana kwa kupiga kelele, bati la ukumbi lilikuwa linanguruma. Bibi Rukia ndiye aliyepata njia: karatasi iruhusiwe kujibu, lakini ingoje kwa muda wa pumzi moja kila inapoulizwa, ili kifurushi kisijione kimekatizwa. Maalim Silima alifumbua macho, akasema hapo kuna adabu. Ikapita, kura tisa kwa nane. Bwana Vuai alipiga muhuri pale pale, akanikumbatia, na alikuwa analia. Namsema kwa haki: mtu yule alifurahi kwa dhati ya moyo wake.

Tulifika Mwinuko alasiri, mimi, Sikudhani na Bwana Vuai, tukitokea upande wa mjini, ambako bonde halionekani. Askari alikuwa amejikunyata kibandani.

"Watu wa Bondeni wako wapi?" Sikudhani akamuuliza.

"Walikuja asubuhi, kizuizi cha upande wa bonde. Wengi, na watoto. Tukawauliza wanakwenda nyumba ipi. Hawakuwa na namba ya nyumba. Tukawarudisha chini wangoje."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa nne."

Sikudhani alianza kukimbia kupandisha kilima ili awaite. Mimi nilikimbilia kengele. Niliona kila dakika ni yangu, kwamba akifika ukingoni mwa kilima na kuwaita, wakute milango iko wazi. Nikapiga.

Sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Kuta zilipanda, mapaa yakajifunika, na kutoka nyumba hadi nyumba nilisikia sauti mbili zikipokezana, ya kifurushi na ya karatasi. Samahani, mlango ufungukie ndani au nje? Pumzi moja. Ndani. Samahani, rangi gani? Pumzi moja. Ya njano. Hakuna fundo lililokwama. Vitu vya Sandukuni vilikuwa vinasema lugha ya Mafundoni kana kwamba vimezaliwa huko. Na mwisho, katika nyumba zote arobaini: Samahani, wakazi wapo? Pumzi moja. Wapo. Bwana Vuai aliandika arobaini katika kitabu chake, na mimi nilijisikia fahari. Nayaandika haya kwa sababu nimeshindwa kujisamehe fahari ile.

Kisha nikashangaa kwamba Sikudhani haiti mtu. Nilimfuata ukingoni. Bonde lote lilikuwa maji ya matope, na juu yake yalielea makuti na magodoro na mlango mmoja. Ukingo wa mto ulikuwa umekatika saa tano.

Bondeni kulikuwa na watu mia mbili na sita. Walipona Sikudhani na wengine kumi na wanane, ambao walikuwa wamekataa amri ya kurudi chini, wakabaki wameng'ang'ania waya wa kizuizi. Hao walifunguliwa shtaka la ukaidi, kisha wakasamehewa, kwa kuwa baadaye iligundulika walikuwa wakazi halali.

Siku ya nne Bi Kirembo na Mashavu walipatikana kwenye matete. Bibi alikuwa amemfunga mjukuu kiunoni mwake kwa kanga. Sikudhani aliwaosha mwenyewe, akawakafini, akaja ofisini kwa Bwana Vuai kuomba kibali cha kaburi. Nilikwenda naye kwa sababu sikujua pa kwenda.

Bwana Vuai alimpa kiti, akampa pole, akafungua kitabu. Akasoma kwa muda. Akafuta meza.

"Kitabu kinasema wapo," alisema.

"Nimewaosha kwa mikono hii, Bwana Vuai."

"Sikukatalii, mwanangu. Nakusomea kilichoandikwa. Nyumba ya kumi na saba iliulizwa kama wakazi wapo, ikajibu wapo. Hatuwezi kumtolea kaburi mtu aliyepo."

"Jibu lile niliandika mimi," nikasema. "Nilikosea. Lifute."

"Jibu lilikuwa lako likiwa kwenye karatasi. Sasa ni jawabu." Hakusema kwa kejeli, alikuwa ananielimisha. "Kuna njia moja tu. Kifurushi kiulizwe upya, ndani ya nyumba, mbele yangu. Mkazi ajibu kwa kinywa chake. Wapo, au hawapo."

"Mimi nipo," Sikudhani alisema. "Wao hawapo."

"Swali halina nafasi ya hilo."

Bwana Vuai alifuta tena meza ambayo ilikuwa safi. "Ukijibu wapo, nyumba ni yako mpaka mwisho wa maisha yako. Ukijibu hawapo, nyumba ya kumi na saba haina mkazi, nawe ni mmoja wa hao wasiokuwepo. Itavunjwa. Jina lako litafutwa, hutapita tena kizuizini, wala hutaingia tena katika foleni yoyote. Fikiri, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na waliokufa hawahitaji paa. Wewe unalihitaji."

Naamini alimtakia mema. Akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta habari njema ya kupoza mazungumzo, akaniambia Baraza limeipenda sana karatasi yangu. Kuanzia mwezi huo itafungwa ndani ya kila nyumba mpya ya Mafundoni, neno kwa neno, na jibu la mwisho likiwa limekwisha kuandikwa, ili wananchi wasisumbuliwe.

Tulipanda Mwinuko siku ile ile, mvua ikinyesha. Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya njano yote. Mlango ulifungukia ndani. Sikudhani alilazimika kuinama kidogo kushika kitasa, maana kiliwekwa chini. Waliopona walikuwa wamesimama nje wakitazama, kila mmoja na wake ambao kitabu kilisema wapo.

"Samahani," kifurushi kikasema, "wakazi wapo?"

Alikaa muda mrefu kuliko pumzi moja. Niliona macho yake yakipita ukutani, darini, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho mama yake alitaka kiwe na madirisha mawili. Hakuniangalia.

"Hawapo," akasema.

Nyumba ilianza kujivua. Rangi kwanza, kisha bati, kisha madirisha, kila kitu kikirudi katika kitambaa chake na fundo likijifunga. Haikupita nusu saa tukawa tumesimama kwenye udongo mtupu. Bwana Vuai alifuta mistari mitatu katika kitabu, akaandika kibali cha makaburi mawili, akampa kwa mikono miwili kama ilivyo adabu yao. Siku ile watu watatu tu kati ya wale kumi na wanane waliomba kuulizwa upya. Waliobaki walirudi katika nyumba zao, na siwalaumu, kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika na walikuwa na watoto waliobaki hai.

Tulizika chini, nje ya kizuizi, mahali palipoinuka kidogo. Nilichimba mimi. Nililia nikichimba, na sikuficha. Tulipomaliza nilimwambia lile nililokuwa nimelibeba tangu ofisini.

"Dada, twende Sandukuni. Kwetu hakuna atakayekuuliza chochote. Nitakujengea nyumba kwa mkono, tofali kwa tofali, na utakaa..."

"Fundi," alinikatiza. Hakuwa na hasira, na ningetamani angekuwa nayo. "Ulishanijibia mara moja. Usinijibie tena."

Alichota maji kwa kata, akamimina juu ya kaburi dogo, kisha juu ya lile kubwa. Niliweka koleo chini nikaondoka.